Wali wa Mgonjwa Uanze na Maji Yake

Wasikilizaji wetu wa Kasongo na Kabambare, nanyi mlioko Samba, Kipaka, Wamaza na Salamabila, leo sitazungumzia barabara wala bei ya petroli. Nataka tuitazame sahani ya mgonjwa.

Mtu akiugua tumbo kwetu, iwe ni kuhara, iwe ni vidonda vya tumbo, iwe ni kichefuchefu baada ya dawa za malaria, tunaanza kwa kumwondolea vitu. Mawese yanaondoka, sombe inaondoka, pilipili na samaki wa moshi pia. Hapo tuko sawa. Mafuta mengi huchelewesha chakula tumboni, majani yenye nyuzi humsumbua anayehara, na habari za pilipili hakuna asiyezijua. Lakini tukishaondoa hivyo vyote, tunambakizia nini? Wali mweupe uliochemshwa kwa maji matupu, mara nyingine hata chumvi haimo. Tunamwekea mbele, anaonja vijiko viwili, anasukuma sahani. Siku ya tatu amekonda na jamaa wanasema ugonjwa umezidi, kumbe mara nyingi kilichozidi ni njaa.

Na hii ni nchi ya mpunga! Mpunga ulifika huku pamoja na misafara ya watu wa pwani katika karne ya 19, kwa njia ile ya kutoka Ujiji, kuvuka ziwa, kupita Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dola Huru ya Kongo, chini ya kamanda Dhanis, lilipouteka mji wa Kasongo mwaka 1893, aliandika kwamba alipita ndani ya shamba moja tu la mpunga, tena akiwa amepanda mnyama, kwa muda wa saa moja na nusu. Utawala wa Kibelgiji nao ukaleta kilimo cha lazima mwaka 1917, na wazee wetu wakalima mpunga na pamba, watake wasitake. Kwa historia ya namna hiyo, ilitupasa tuwe mafundi wa kumpikia wali hata mtu asiyetaka kula.

Nadhani ninajua tulipokwama. Watu wa pwani walileta mbegu ya mpunga, lakini mnazi haukuweza kuwafuata mpaka huku. Mama wa Zanzibar akitaka wali upendeze hukuna nazi, akakamua tui. Sisi tuna michikichi, basi mawese tukayafanya ndiyo tui letu: utamu wote wa wali wetu unatoka kwenye mafuta na kwenye mboga iliyopikwa kwa mafuta hayohayo. Siku muuguzi anapokataza mafuta, tunasimama jikoni mikono mitupu.

Tusisimame hivyo. Mchele hunywa maji. Ukipika kopo moja la mchele kwa makopo mawili ya maji, maji yale hayapotei. Mengi yanaingia ndani ya punje, na ladha iliyomo majini inaingia nayo. Kwa hiyo, mama zangu, nanyi akina baba mnaobaki na wagonjwa nyumbani, anzeni na maji kabla ya kugusa mchele.

Kama una mchaichai uani, chukua majani matatu manne, yafunge fundo, yachemshe dakika kumi, yatoe, kisha tia mchele na chumvi. Wali utatoka mweupe vilevile, lakini harufu yake itamwamsha mgonjwa kabla sahani haijafika. Tangawizi nayo ni hivyohivyo: kipande cha kidole gumba, kigonge kidogo kwa mchi, kichemke, kitoe. Tangawizi imechunguzwa sana na watabibu, hasa kwa kichefuchefu cha wajawazito, na inasaidia. Ila mwenye kiungulia asizidishiwe, maana inaweza kumwongezea moto. Nyumba zinazoweka iliki kwa ajili ya pilau ya Idi zina bahati: punje mbili zilizopasuliwa zinatosha sufuria nzima.

Kitunguu kina hila yake. Wako watu ambao tumbo lao hujaa gesi kwa kitunguu na kitunguu saumu, na kukitoa baada ya kuchemka hakuwasaidii, kwa sababu kile kinacholeta gesi kimekwisha kuyeyuka majini. Kwa watu hao tumia majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani tu. Limau mwachie mwenye kichefuchefu. Mwenye vidonda vya tumbo usimkamulie.

Walio karibu na Lualaba wana jambo bora kuliko yote haya. Chukua kichwa na mifupa ya samaki mbichi, si wa moshi, chemsha na chumvi, chuja kwa kitambaa safi, acha mchuzi utulie, engua mafuta yaliyopanda juu. Pika mchele kwa mchuzi huo. Asiye na samaki atumie mifupa ya kuku. Mgonjwa atakula wali unaoonekana mtupu, kumbe umebeba supu. Vile vipande vya supu vya dukani sivipendi kwa kazi hii. Vina chumvi nyingi, na vimefanya sufuria zote za Kongo zifanane ladha, za wazima na za wagonjwa.

Mchele wenyewe tuuchague. Mchele wa mavuno mapya hushikana na kulainika, nao ndio unaomfaa mgonjwa; ule wa zamani, unaojitenga punje kwa punje, tuwawekee wageni. Ule tunaoutwanga nyumbani mara nyingi hubaki na pumba kidogo. Kwa mwenye afya hilo ni jema, lakini kwa anayehara urudishe kwenye kinu mara ya pili, uupepete mpaka ung'ae. Zile chenga zinazobaki kwenye ungo, ambazo wengi huwamwagia kuku, ndizo za kupikia uji au ubwabwa laini: kopo moja la chenga, makopo sita ya maji yenye tangawizi, moto mdogo, koroga mpaka punje zipotee.

Na kama nyumbani hakuna mchaichai, tangawizi wala samaki? Upo moto. Kaanga mchele mkavu kwenye sufuria tupu, bila mafuta, ukikoroga mpaka ugeuke rangi ya majani makavu na unukie. Ndipo utie maji ya moto na chumvi. Watu wa Madagaska wamelifikisha jambo hili mbali. Baada ya kupakua wali hawaukwangui ukoko. Wanatia maji katika sufuria ileile, wanayachemsha juu ya ukoko, wanayachuja, na ndicho kinywaji chao cha baada ya chakula. Maji hayo yana rangi ya chai na harufu ya mchele uliokaangwa, tena yamechemka, jambo ambalo mahali penye visima visivyoaminika si dogo. Kwetu ukoko ni wa watoto kugombania. Jaribuni kumtengenezea mgonjwa kinywaji hicho, mradi ukoko uwe wa kahawia. Uliokuwa mweusi ni mchungu, utupwe.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Maji ya mchele na chumvi ni chakula na ni kinywaji kizuri, lakini kwa kuhara kukali kama maji, pakiti ya SRO, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, ndiyo ya kutangulia: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, isizidi wala isipungue. Dawa hii ilipimwa kwa wagonjwa wa kipindupindu mjini Dhaka mwaka 1968, na baadaye watafiti wakaona kwamba hata unga wa mchele unaweza kuchukua nafasi ya sukari ndani yake. Mtoto aliyezama macho, anayetapika kila kitu, au anayetoa damu chooni, usimpikie kwanza. Mpeleke kituo cha afya. Kasongo hii ndiko wataalamu wa tiba kutoka Antwerp, Ubelgiji, walikojaribu, tangu miaka ya 1970, kusogeza vituo vidogo vya afya karibu na vijiji, na somo hilo likasomwa katika nchi nyingi. Ingekuwa ajabu sisi wenyewe tukikipita kituo tukakimbilia jikoni.

Jambo lingine ni wali uliolala. Najua, wali wa jana ndiyo chai ya asubuhi ya nyumba nyingi. Mgonjwa asipewe. Ndani ya mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa nje usiku kucha katika joto letu, vinaamka na kuzaliana, na vinaweza kuacha sumu. Kuupasha moto asubuhi hakuiondoi sumu hiyo. Pika kopo moja dogo mara mbili kwa siku badala ya sufuria moja kubwa. Kuni zitaongezeka, sikatai, lakini wali wa mgonjwa usikae nje zaidi ya saa mbili.

Tumbo likishatulia siku mbili tatu, rudisheni vitu kimoja kimoja. Kwanza samaki mbichi wa kuchemsha. Kesho yake lengalenga changa, iliyopikwa mpaka ikalainika. Kisha mawese, kijiko kimoja tu juu ya wali wa moto, mtazame usiku umekwendaje. Sombe ingoje mpaka wiki iishe. Pilipili mgonjwa ataiomba mapema, atasema bila hiyo hali, na watatokea wa kumtetea. Mwongezeeni tangawizi kwanza.