Herufi Tatu za Kasisi wa Durweston



Tuanzie chumbani. Ripoti ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1843 inaeleza chumba cha kulala cha familia ya vibarua kijijini Stourpaine, Dorset. Futi 10 kwa 10, paa la nyasi, kidirisha kimoja cha inchi 15. Vitanda 3, watu 11. Baba, mama na watoto wawili wachanga walilala pamoja. Mabinti watatu, wakiwamo pacha wa miaka 20, kitanda cha pili. Vijana wanne cha tatu. Pazia hapakuwa na hata moja.

Ng'ambo ya mto Stour alikaa kasisi wa Durweston, Sidney Godolphin Osborne, mwana wa tatu wa Baroni Godolphin. Katika koo za namna hiyo ardhi na cheo vilikwenda kwa kifungua mimba wa kiume. Wadogo walitafutiwa riziki jeshini au kanisani. Na kanisani pia mambo yalikuwa ya ardhi. Haki ya kuteua kasisi wa parishi ilikuwa mali, ikirithiwa na kuuzwa kama shamba. Lord Portman, kabaila mkubwa wa eneo lile, ndiye aliyempa Osborne nafasi ya Durweston mwaka 1841. Zaka nayo, kwa sheria ya mwaka 1836, ilikuwa ikigeuzwa kuwa fedha zinazokadiriwa kwa wastani wa bei ya nafaka. Ngano ikipanda bei, kasisi ananeemeka, kibarua anakosa mkate.

Mtu aliyelishwa hivyo ungedhani atafumba mdomo. Wapi! Tangu 1844, kwa zaidi ya miaka 40, aliliandikia gazeti la The Times kwa sahihi ya herufi tatu, S.G.O., akianika ujira duni wa Dorset na vibanda vyake, njaa ya Ireland, na hospitali za kijeshi za Scutari, Uturuki, alikokwenda mwenyewe mwaka 1854.

Ujasiri? Upo, sikatai. Lakini tazameni sheria. Kabaila aliweza kumteua kasisi; kumfukuza hakuweza, maana nafasi ile ilikuwa ya maisha. Kibarua aliyelalamika alipoteza kazi, na mara nyingi nyumba pia, kwa kuwa ilikuwa ya mwajiri. Vibarua sita wa kijiji cha Tolpuddle, mkoa huohuo wa Dorset, walijaribu kuunda chama cha wafanyakazi, wakahukumiwa na kusafirishwa Australia mwaka 1834. Osborne yeye, kaka yake aliporithi cheo cha Diuki wa Leeds mwaka 1859, akapandishwa naye, akaitwa Lord.

Barua hazikuwa kazi yake pekee. Alikuwa pia fundi wa hadubini, miongoni mwa watu wa mwanzo kutumia rangi nyekundu ya karmini ili seli za mmea zionekane. Mmea aliouchagua kuuchunguza ulikuwa ngano.