Tuoshe Pikipiki Zetu
Leo tuzungumze juu ya pikipiki. Wengi wetu tunaziosha siku ya sikukuu tu. Hilo ni kosa. Matope huficha nati iliyolegea, spoki iliyovunjika, na waya wa breki unaotaka kukatika. Tukiosha, tutaviona mapema. Tusipoosha, tutavijua mteremkoni, na mama mjamzito tumempakia nyuma!

Basi tuoshe kila wiki, na kila tukitoka kwenye matope. Injini ipoe kwanza. Tutumie ndoo na sabuni. Tusiingie nayo mtoni, oili huharibu maji tunayokunywa. Cheni tuisugue kwa brashi, ikauke, tuipake oili. Breki iliyolowa haishiki vizuri, kwa hiyo tuijaribu kabla ya kubeba mtu. Je, kazi hiyo inatushinda?