Kadi Iliyoibwa na Deni Lisilo Langu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya fedha na maisha. Mimi si mchumi, ni muuguzi. Nilikwenda Uingereza kufanya kazi, na haya nitakayosema nimeyajua kwa kuumia. Nitawasimulia kisa kimoja tu, kisha mtapima wenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa nikikaa mashariki ya London pamoja na mwenzangu wa shule hii hii. Tulilala bweni moja tangu kidato cha kwanza; sabuni yake ilikuwa sabuni yangu. Jumamosi moja nilisimama kwenye mashine ya kutolea fedha karibu na stesheni ya Stratford, nikachukua pauni 20. Nyuma yangu walikuwapo vijana wawili. Mmoja aliangusha sarafu, nami kwa adabu tuliyofundishwa hapa nikainama kumsaidia kuziokota. Kisha nikarudi nyumbani, nikala, nikaenda kazini zamu ya usiku. Asubuhi nilipotaka kununua chai, pochi haikuwamo.

Nilipiga simu benki papo hapo, kadi ikafungwa. Lakini maji yalikwisha kumwagika. Jumamosi ile zilitolewa pauni 300 taslimu, na baada ya saa sita usiku, kiwango cha siku kilipoanza upya, zikatolewa 300 nyingine. Dukani ilinunuliwa simu ya pauni 640. Tena mara mbili kadi iligusishwa tu kwenye mashine ya malipo, pauni 28 na pauni 26, kwani wakati ule malipo ya namna hiyo yasiyozidi pauni 30 hayakudai namba ya siri. Jumla pauni 1,294. Ndani yake ilikuwamo ada ya shule ya mtoto wa dada yangu. Akaunti ikazama chini ya sifuri, na benki ikaanza kunitoza pauni 5 kila siku kwa kutumia fedha nisizokuwa nazo. Kwa siku kumi, pauni 50.

Nikalalamika. Benki ikajibu kwa barua fupi: kadi yenyewe ndiyo iliyotumika, namba ya siri ilikuwa sahihi, basi ama ni wewe, ama ni mtu uliyempa namba yako. Na ofisa mmoja akaniuliza kwenye simu, "Unakaa na nani?"

Swali hilo, ndugu zangu, ndilo lililoniponza. Tangu utoto tumeambiwa kikulacho ki nguoni mwako. Jioni ile nilimtazama mwenzangu akila, nikaona mwizi. Nikamwuliza. Hakunigombeza. Aliweka kijiko chini, akaosha sahani yake, na mwisho wa mwezi akahama.

Nikabaki na deni, na nyumba tupu. Aliyenifumbua macho ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale hospitalini. Alinionyesha Kanuni za Huduma za Malipo za Uingereza za mwaka 2017. Kanuni hizo zinasema kwamba mteja akikana malipo, ni juu ya benki kuthibitisha kwamba aliyaidhinisha. Na kule kutumika kwa kadi na namba sahihi, peke yake, si lazima kuwe ushahidi wa kutosha. Hasara iliyotokea kabla ya kutoa taarifa, mteja anaweza kubebeshwa isiyozidi pauni 35, isipokuwa kama amedanganya au amefanya uzembe mkubwa. Baada ya kutoa taarifa, hasara si yake, maadamu yeye mwenyewe si mdanganyifu.

Nilinunua daftari. Nikaandika kila kitu: siku na saa ya kila simu, jina la kila niliyezungumza naye, na lililosemwa. Nikaomba kwa barua orodha ya kila mara kadi ilipotumika, mahali na saa. Benki iliposhikilia neno lake katika jibu lake la mwisho, sikungoja ile miezi sita inayoruhusiwa ipite. Nilipeleka shauri kwa msuluhishi wa malalamiko ya fedha, Financial Ombudsman Service, ambaye hamtozi mlalamikaji hata senti.

Baada ya miezi minne mchunguzi aliandika. Mimi nilichukua pauni zangu 20 saa kumi na dakika kumi na mbili. Mashine ya mtaa mwingine ikatoa pauni 300 saa kumi na moja kasorobo, kwa namba sahihi tangu mara ya kwanza. Huo, alisema, ndio mwendo wa mwizi aliyechungulia vidole kwanza kisha akachukua kadi. Benki iliagizwa kunirudishia fedha zote ila zile pauni 35, pamoja na ada zote za siku kumi, na riba ya asilimia 8 kwa mwaka.

Nilifurahi, mpaka niliposoma saa ile mara ya pili. Saa kumi na moja kasorobo mwenzangu alikuwa ameketi mbele yangu, tukila wali pamoja kabla sijaenda zamu. Mimi mwenyewe nilikuwa shahidi wake, na wala sikuwa nimeuliza ni saa ngapi wizi ulitokea.

Nilimwendea kuomba radhi. Alinisikiliza, akasema, "Benki ilikuwa haikujui. Wewe ulinijua." Ilichukua muda mrefu. Leo yumo humu ukumbini, na ni kwa ruhusa yake nimesema haya.

Vijana, methali ni hekima, lakini methali si ushahidi. Benki ilinihukumu bila kuthibitisha, nikapiga kelele. Nami nikamhukumu ndugu yangu vile vile.

Kuhusu fedha nawaachia mambo matatu. Kwanza, ziba namba yako kwa mkono, kwenye mashine na kwenye simu ya mkononi vile vile, na usimtajie mtu yeyote, hata akisema anatoka benki. Pili, ikiibwa kadi au laini ya simu, toa taarifa dakika ile ile, kisha andika, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, usikubali neno la kwanza la karani. Hapa kwetu Tanzania pia zipo Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Anza kwa kulalamika kwenye benki yako kwa maandishi, ubaki na nakala. Usiporidhika, peleka lalamiko lako Benki Kuu.

Ama kuhusu rafiki, kabla hujamwuliza kama ameiba, uliza kwanza saa.