Ukipigiwa Simu na "Mtu wa Ofisi"



Wazee wangu, mama zangu, na vijana wenzangu wa Awendo. Niliombwa nizungumze juu ya wezi wa simu, na ndugu wahariri wakanitaka niyaandike maneno yale yale ili yawafikie waliokuwa nyumbani wakiandaa futari. Kwa hiyo wewe unayesoma, weka simu yako karibu, maana kuna mambo nitakuomba uyaangalie humo humo.

Nianze na hadaa kongwe. M-Pesa ilianza hapa Kenya mwezi wa Machi 2007, na wezi nao hawakuchelewa kuisoma. Ujumbe unaingia: umepokea shilingi 3,500 kutoka kwa fulani. Dakika haijaisha simu inalia, sauti ya unyonge: "Mama, nimekosea namba, hizo ni pesa za dawa, naomba unirudishie." Mwenye moyo laini anatuma. Akija kuangalia salio, hakuna kilichoingia. Alichotuma ni chake mwenyewe.

Hebu fungua jumbe zako sasa. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, na hukaa pamoja na jumbe zako za zamani za kutuma na kupokea. Huanza na herufi na tarakimu kumi zilizochanganyika, na hukutajia salio lako jipya. Ule wa uongo hutoka kwa namba ya kawaida ya mtu, hata kama maneno yake yamenakiliwa vizuri. Lakini mimi sipendi kumwachia mzee mwenye macho mazito kazi ya kulinganisha herufi. Ingia kwenye menyu, uliza salio. Basi.

Kuna wakati pesa zimeingia kweli, na hapo ndipo hata waliosoma hujikwaa. Mwizi anaweza kukutumia pesa halisi, akakuomba urudishe kwa namba nyingine "kwa sababu laini hii ina shida", kisha akageuka akaomba kampuni imrudishie zile za kwanza. Au pesa zenyewe kaziiba kwingine, na laini yako ndiyo njia ya kuzipitishia. Jibu ni moja: mwambie aliyekosea apeleke ujumbe wake wa kutuma kwa namba 456, kampuni ishughulikie. Mkweli hatakasirika. Akianza kukutukana na kukutisha polisi, umeshamjua ni nani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halisemwi. Sisi hapa nyumbani tunazungumza Kijaluo. Sokoni pia, shambani pia. Kiswahili cha kunyooka, chenye Kiingereza kidogo ndani yake, kwa wazee wetu wengi ni lugha ya ofisi: ya daktari, ya karani wa kiwanda, ya polisi. Nyanya akisikia "Habari yako mteja wetu, unazungumza na makao makuu," anakaa wima kabla hajajiuliza kitu. Anajibu kwa adabu. Anaulizwa namba ya kitambulisho, anaitaja. Mwaka wa kuzaliwa, anautaja. Alilelewa kuheshimu ofisi, na mwizi anaichuma heshima hiyo kama anavyochuma embe.

Na ofisi za kuigiza ni nyingi. Mkulima wa miwa amengoja malipo miaka. Tangu kiwanda cha Sony kikodishwe kwa kampuni binafsi mwaka 2025, maswali ya madeni ya zamani ni mengi midomoni mwa watu. Mtu kama huyo akiambiwa kwa simu kwamba jina lake limo kwenye orodha, atume kwanza shilingi 500 za kufungua faili, mbona asitume? Kijana naye anaahidiwa kuongezewa kiwango cha Fuliza au cha Hustler Fund kwa ada ndogo, au kazi Qatar kwa ada ya fomu. Shikeni hili: anayetaka kukupa pesa hakuombi pesa kwanza.

Safaricom wenyewe wamesema mara nyingi kwamba wakimpigia mteja hutumia 0722 000 000. Lakini hata ukiiona namba hiyo, namba yako ya siri haiulizwi na mtu yeyote. Si kampuni, si benki, si wakala, si mimi.

Kuna tarakimu ambazo mwizi humwomba mtu azibonyeze, akimwambia ni "kuhuisha laini". Tuzijue. Ukibonyeza *33*0000# unaweza kuifungia simu yako isipige nje, yaani mwizi anafanya kazi yake na wewe huwezi kuita msaada. Kuifungua ni #33*0000#. Ukibonyeza **21* halafu namba ya mtu na #, simu zako zote zinaenda kwake. Kuzirudisha ni ##002#. Hakuna uchawi hapo, ni mitambo tu ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya mambo mengine, wao wakaigeuza.

Kubwa kuliko hilo ni kubadilishiwa laini. Akishapata kitambulisho chako, mwaka wako wa kuzaliwa na namba ya siri, mwizi anaihamisha namba yako kwenye kadi nyingine. Simu yako inakufa mtandao ghafla, nawe unadhani ni mvua. Kumbe wakati huo anakopa kwa jina lako: M-Shwari, KCB M-Pesa, Fuliza. Hatosheki na ulichonacho, anakuachia na deni. Kwa hiyo mtandao ukipotea kwenye laini yako peke yake, na wenzako ulioketi nao wanao, usingoje asubuhi.

Shangazi yangu mmoja anauza mboga sokoni. Alipigiwa simu saa kumi jioni, akaambiwa mtoto wake ameanguka shuleni, yuko hospitalini, daktari hawezi kuanza bila shilingi 8,400. Jina la mtoto lilitajwa sawasawa. Alituma zote, za karo na za bidhaa ya kesho yake. Jioni mtoto akaja nyumbani akiwa na njaa tu.

Pesa hizo tulizichanga baadaye, alhamdulillah. Kilichonishtua ni kwamba alinyamaza miezi miwili. Alikopa kwa majirani akisema biashara ni mbaya. Alipotuambia hatimaye, mtu wa kwanza kucheka alikuwa ndugu yake mwenyewe. Sasa niwaulize: kama aliyeibiwa anachekwa, nani atakwenda kutoa habari? Mwizi wa kuku tunampigia kelele mtaa mzima. Wa simu tunamkalia kimya, naye kesho anampigia jirani kwa namba ile ile.

Kwa simu ya namna ile dawa ni kukata. Kata, hata kama moyo unadunda, kisha piga namba ya mwalimu uliyokuwa nayo tangu zamani. Usipige ile aliyokupa mpigaji. Nyumbani kwetu tumekubaliana neno moja la siri. Atakayeomba pesa kwa simu bila kulitaja hapati, awe na sauti ya nani. Maana siku hizi kompyuta inaweza kuigiza hata sauti ya mwanao.

Tusidhani msiba huu ni wetu peke yetu. Ukivuka Isebania, ndugu zetu wa Tanzania wamesumbuliwa miaka na meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", inayomnasa mtu aliyekuwa kweli anajiandaa kulipa mtu. Mamlaka yao ya mawasiliano iliwapa namba 15040 ya kupelekea jumbe hizo. Sisi kwa Safaricom tunayo 333, na haina malipo. Ile simu ya kengele moja tu kutoka nchi usiyoijua, yenyewe usiipigie. Wanataka upige, gharama ikuangukie.

Ramadhani ina mlango wake. Alasiri kichwa kizito, saumu imekolea, mtu hana subira ya kuuliza maswali. Halafu ni mwezi wa kutoa. Unaletewa WhatsApp picha ya mayatima na namba ya kutumia sadaka, na inatoka kwa mtu unayemheshimu. Huenda siye. Alitumiwa tarakimu sita, akaombwa na "rafiki" amtajie, akazitaja, na akaunti ikahama mkononi mwake. Tarakimu zile ni ufunguo. Na kabla hujatuma sadaka, mpigie simu mwenyewe usikie. Madrasa tulifunzwa tabayyun, kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi. Leo hata M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha. Lisome. Kama umeambiwa ni msikiti na jina ni la mtu usiyemjua, acha.

Vijana wenzangu, hapa mtaniwia radhi. Wezi hawa hawatumii laini zao. Wanatumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha kijana fulani aliyepewa shilingi 500 akaambiwa "ni ya kazi tu". Wengine wanajua kabisa. Tangu 2018 tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni, na polisi wakifuata namba wataanza na jina lililosajiliwa, ambalo ni lako. Mahakama ni jambo moja. Kula futari iliyonunuliwa kwa karo ya mtoto wa mtu ni jambo jingine.

Ikiwa imeshatokea, mwendo wenyewe ni huu. Piga 100 kwa laini yoyote ya Safaricom iliyo karibu, hata ya jirani, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kuzuia pesa hazijatolewa. Badilisha namba ya siri. Peleka namba ya mwizi kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe, uondoke na namba ya OB, usiridhike na "tutaangalia". Usifute meseji hata moja kwa hasira, ndizo ushahidi wako.

Mwisho, bonyeza *106#. Itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kuna watakaokuta laini wasizozijua. Ukiona usiyoijua, ikatae hapo hapo. Tutakuwa barazani msikitini kila Jumapili ya mwezi huu baada ya alasiri, kuwasaidia wazee ambao menyu inawatatiza. Waleteni kina nyanya, na kina babu wanaosema wao hawaibiwi. Njooni na simu na kitambulisho. Namba ya siri mbonyeze wenyewe, na sisi tutageuza uso.

Wabillahi tawfiq.