Mji wa Jeonju: Vitabu Vilivyofichwa Mlimani na Wali wa Kuchanganya

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wahitimu wa kisomo, siku ya kufungua chumba cha kusomea)



Tumeombwa tuseme machache juu ya safari yetu ya Korea ya Kusini. Mwaka 2023 tulikwenda huko walimu watatu wa elimu ya watu wazima kwa mafunzo mafupi. Mafunzo yalipokwisha tukapewa siku mbili za kutembea. Wenzetu wa nchi nyingine walibaki Seoul, mji mkuu, kwenye maduka makubwa. Sisi tuliomba kupelekwa Jeonju. Jina hilo lisiwatishe, lisomeni Jonju tu. Ni mji wa kusini-magharibi, na kwa treni ya kasi hamfiki saa mbili. Una watu zaidi ya laki sita, na nje ya mji ni tambarare ya mashamba ya mpunga, jaruba baada ya jaruba.

Kwa nini Jeonju? Tulikuwa tumesikia kuwa katika mji huo kuna habari moja ya vitabu ambayo kila mtu anayejua kusoma angefaa kuijua. Ndiyo tutakayoisema kwanza. Chakula kitafuata, maana tunajua wengine mmekuja kwa ajili ya chakula.

Mwaka 1392 jemadari mmoja, jina lake Yi Seong-gye, alitwaa ufalme wa Korea. Ukoo wake ulitawala mpaka mwaka 1910. Asili ya ukoo huo ni Jeonju. Basi mwaka 1410 likajengwa hapo hekalu la kutunzia picha ya mfalme huyo, linaitwa Gyeonggijeon. Lipo hadi leo. Mnapita chini ya miti mikubwa, mnafika kwenye ua wa kimya, na pembeni ya ua mnaona jumba dogo limesimama juu ya nguzo, kama ghala letu la mahindi lililoinuliwa panya wasipande. Lile si ghala la nafaka. Ni mahali palipowekwa vitabu. Jumba la zamani liliungua vitani, na hili tuliloliona lilijengwa upya mwaka 1991.

Vitabu gani? Wafalme wa Korea walikuwa na waandishi waliokaa karibu nao katika kila shauri. Mfalme akisema neno, linaandikwa. Akikasirika, linaandikwa. Akifa, maandishi hayo yanakusanywa na kufanywa kitabu cha utawala wake. Na sheria ilikuwa kwamba mfalme haruhusiwi kusoma yaliyoandikwa juu yake. Mnaona jambo hilo? Mwaka 1404 mfalme Taejong alikuwa anawinda, farasi akajikwaa, mfalme akaanguka chini. Alipoinuka, jambo la kwanza alilosema ni kwamba mwandishi asijue. Mwandishi akaandika kwamba mfalme ameanguka, na akaandika pia kwamba amesema mwandishi asijue! Miaka zaidi ya 600 imepita na sisi hapa tunaicheka habari hiyo.

Sasa, watu wale walikuwa na akili ya kutunza. Hawakuweka kitabu kimoja mahali pamoja. Walitengeneza nakala nne, wakaziweka katika miji minne: Seoul, Chungju, Seongju na Jeonju. Moja ikipotea, tatu zitabaki. Hesabu yao ilikuwa nzuri.

Lakini mwaka 1592 majeshi ya Japani yalivuka bahari yakaingia Korea. Katika muda wa siku ishirini hivi yakawa Seoul. Nakala ya Seoul ikateketea. Ya Chungju ikateketea. Ya Seongju ikateketea. Ikabaki Jeonju peke yake, na adui anakuja. Kumbukumbu za miaka karibu 200 ya nchi nzima zilikuwa ndani ya jumba moja la mbao.

Ofisa aliyetunza hekalu, O Hui-gil, alitafuta watu wa kusaidia. Walijitokeza wazee wawili wa wilaya ya jirani, An Ui na Son Hong-rok. Walikuwa watu wa kusoma, si askari, tena si vijana: mmoja alikwisha pita miaka sitini, mwingine hamsini na kitu. Walileta watumishi wao na wanyama wa kubeba mizigo. Mamia ya vitabu pamoja na ile picha ya mfalme yakafungwa, yakapelekwa zaidi ya kilomita 40 hadi mlima Naejangsan, yakapandishwa kwenye mapango na vibanda vya watawa wa Kibudha, mahali ambapo hata mbuzi hupanda kwa shida. Wazee wale wakakaa huko juu wakilinda zaidi ya mwaka mzima, kwa zamu, mvua na theluji. Waliandika daftari la zamu: leo nani amelinda, kesho nani. Sisi walimu tulipoambiwa habari ya daftari lile tulitazamana. Vita inawaka, wao wanajaza mahudhurio.

Mwaka 1597 adui alirudi akauteka Jeonju. Wakati huo vitabu vilikuwa vimekwisha hamishwa mbali. Vita ilipokwisha, kati ya mwaka 1603 na 1606, vikachapwa upya kutokana na nakala ile moja, vikawekwa sehemu tano. Na safari hii hawakupeleka tena mijini ila Seoul tu. Nyingine zilikwenda kwenye milima na kisiwani. Kazi ya kuandika ikaendelea hadi kumbukumbu zikafikia miaka 472, tangu 1392 mpaka 1863. Mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha ya maandishi yanayotunzwa kwa ajili ya dunia nzima.

Kuna jambo moja tusilifiche. Vitabu vile viliandikwa kwa maandishi ya Kichina. Mkulima wa Korea hakuweza kuvisoma. Maandishi hayo yana alama maelfu kwa maelfu, na nani mwenye jembe angepata muda? Mfalme Sejong aliliona hilo. Mwaka 1443 alitengeneza herufi mpya 28 za lugha yao wenyewe, akazitangaza mwaka 1446. Wakubwa wengine walimpinga. Waliona aibu kuacha maandishi ya wasomi. Leo herufi zinazotumika ni 24, na tulimwona mtoto mdogo akisoma ubao wa hoteli bila kigugumizi. Kazi ya kutafsiri kumbukumbu zote kwa lugha ya kawaida ilikamilika Korea ya Kusini mwaka 1993. Kwa hiyo muuza samaki wa Jeonju akitaka leo kusoma jinsi mfalme alivyoanguka, anasoma. Na tangu mwaka 1989 ipo tuzo ya UNESCO kwa wale wanaofundisha watu kusoma na kuandika, na inaitwa kwa jina la Sejong.

Karibu na hekalu kuna mtaa wa nyumba za asili, wao huziita hanok. Ni kama mia saba, za mbao na udongo, mapaa ya vigae yamepinda ncha kama pembe za ng'ombe. Sakafu yake imejengwa kwa ujanja: moshi wa moto unapitishwa chini ya mawe ya sakafu kabla ya kutoka nje, kwa hiyo wakati wa baridi mnalala juu ya joto. Mgeni hudhani nyumba hizo zina miaka mia tano. Hapana. Nyingi hazijafika mia moja na ishirini. Wajapani walipoitawala Korea, tangu 1910 hadi 1945, ukuta wa mji ulikuwa umebomolewa, likabaki lango moja tu la kusini, Pungnammun, na wafanyabiashara wa Kijapani wakaingia katikati ya mji. Wenyeji wakajibu kwa kujenga nyumba za Kikorea, moja kando ya nyingine. Kwa maoni yetu njia kuu ya mtaa huo siku hizi ina kelele mno, vibanda vya vitafunio na vijana waliokodi mavazi ya zamani wapige picha. Ingieni vichochoro vya nyuma, ndiko kuzuri.

Huko nyuma tuliona wanavyotengeneza karatasi kwa mkono. Wanachemsha magome ya mti wa jamii ya mforosadi katika maji ya majivu, wanayaponda, wanayatia majini na ute wa mzizi wa mmea ambao ni ndugu wa bamia. Ndiyo, bamia hii mnayoijua. Ute hufanya nyuzi zisizame chini. Kisha wanachota kwa chekeche la mianzi na kukausha. Karatasi ya Jeonju ilikuwa ikipelekwa kwa wafalme.

Haya, chakula. Mwaka 2012 UNESCO iliuhesabu Jeonju kati ya miji ya mapishi ya dunia. Chakula chake kikuu ni bibimbap, maana yake wali wa kuchanganya. Unaletewa bakuli la shaba, chini wali, juu mboga za rangi mbalimbali zimepangwa duara, nyama kidogo, yai, na uji mgumu wa njano uliogandishwa kutokana na choroko. Unatia rojo la pilipili iliyochachushwa na soya, unatia mafuta ya ufuta, unachukua kijiko unavuruga mpaka vyote viwe kitu kimoja. Mwenzetu alianza kula mboga pembeni na wali pembeni, na mama mpishi akamnyang'anya kijiko akamvurugia mwenyewe.

Hebu hesabuni: soya, choroko, ufuta, pilipili. Kipi hakioti hapa kwetu? Hata pilipili si ya Korea, ilitoka Amerika kama mahindi yetu.

Mboga isiyokosa Jeonju ni soya iliyooteshwa. Asubuhi wanaila ndani ya supu ya moto pamoja na wali. Mama mmoja ametuuliza mlangoni inavyofanywa, tumjibu hapa hapa. Loweka soya safi usiku kucha. Zitie katika chungu chenye matundu chini. Funika kwa kitambaa cheusi, zisione jua, la sivyo zitakuwa za kijani na chungu. Mwagia maji safi mara nyingi kwa siku, yapite na kutoka chini. Baada ya siku tano au sita zina mikia mirefu kama kidole. Zichemshe vizuri, zisiliwe mbichi. Na tafadhali sana, msitumie mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ya wadudu. Ile ni sumu, hata ukiiosha.

Jumatano jioni tutaleta darasani kilo moja ya soya na chungu kilichotobolewa. Atakayependa kujaribu aje na kitambaa.