MALI BILA DAFTARI: KARATASI ZA KUDAI FIDIA YA AJALI YA GARI

(Mada ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, Morogoro)

Wenzetu waliotutangulia wamesema habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii, na nyuso zenu zilichangamka. Sisi Kamati ya Elimu tumepewa mada isiyochangamsha: karatasi zinazotakiwa mtu anapodai fidia baada ya ajali ya gari. Mtuvumilie. Tunaisema leo siku ya furaha kwa sababu siku ya msiba hakuna anayesikia.

Mji wetu ni njia panda. Hapa Msamvu barabara ya kutoka Dar es Salaam inagawanyika, moja inakwenda Dodoma na nyingine Iringa. Malori na mabasi yanapita usiku na mchana. Na siye tunavuka barabara hizo hizo alfajiri kuwahi mboga za Mgeta, tunapanda bodaboda na daladala kila siku ya Mungu. Kwa hiyo haya si mambo ya watu wa mbali.

Kosa letu la mwaka 2017

Tuanze na kosa letu wenyewe. Wanachama wa zamani mnakumbuka Oktoba 2017, mwenzetu mmoja, muuza karoti na hoho, alipogongwa na Coaster akivuka kwenda sokoni. Mguu ulivunjika mahali pawili. Kikundi hakikulala. Tulitoa fedha za mfuko wa jamii, tukapitisha mchango, tukalipia dawa, vyuma vya mguu, nauli za wauguzaji na uji wa mgonjwa. Tulijivunia umoja wetu, na ilistahili.

Lakini, jamani, hakuna hata mmoja wetu aliyetunza risiti. Nyingine zilibaki kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda cha hospitali, nyingine zilifutwa na jasho ndani ya kanga. Kwenye fomu ya polisi liliandikwa jina la utani tunalomwita sokoni, na sisi ndio tuliolitaja. Dereva alikuja wodini na shilingi 100,000 na kreti ya soda, akaomba "tumalizane kama ndugu". Familia ikasaini karatasi ambayo hakuna aliyeisoma.

Baadaye tulipokwenda kudai, kila safari ilikosekana karatasi moja. Leteni hiki, leteni kile. Tulipomfikia mwanasheria mwaka 2021 alitazama tarehe ya ajali, akafunga jalada. Miaka 3 ilikuwa imekwisha pita. Mwenzetu yupo hapa leo, mstari wa mbele, na mkongojo wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia tuyaseme haya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi kinachoandika mpaka faini ya shilingi 500 ya mchelewaji hakikuandika gharama za mguu wa mwanachama wake. Hilo ndilo linalotuuma.

Haki yenyewe ni ipi

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto inamtaka kila mwenye gari au pikipiki inayotembea barabarani awe na bima inayowahusu watu wengine watakaoumizwa na chombo chake. Ndiyo ile tunayoiita bima ndogo. Wengi wetu tunadhani bima ni mambo ya mwenye gari na gari lake. Sivyo. Bima ndogo imewekwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu aliyegongwa, abiria wa daladala aliyelipa nauli yake, na wategemezi wa aliyefariki. Dereva aliyesababisha ajali ndiye asiyelipwa na bima ndogo, yeye na gari lake.

Kwa hiyo anayedai fidia haombi msaada. Anadai haki, ila ni haki inayothibitishwa kwa karatasi. Karatasi zenyewe ni hizi.

(a) Karatasi za polisi

Ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Inatolewa bure; msimlipe mtu. Aliye mahututi akimbizwe hospitali kwanza, na mtu mwingine akafuate fomu kituoni. Daktari akishaijaza itarudi polisi, hivyo itoeni kopi kabla haijaondoka mikononi mwenu.

Hakikisheni ajali imeandikishwa, mpewe namba ya taarifa, ile tunayoiita RB. Andikeni jina la kituo na la askari anayeshughulikia jalada. Askari wa usalama barabarani watachora ramani ya ajali na kukagua gari. Baadaye kampuni ya bima itataka ripoti za polisi, ambazo makarani wake huzitaja kwa namba, PF 90 na PF 115, pamoja na hiyo ramani na ripoti ya ukaguzi wa gari.

Dereva akishitakiwa, fuatilieni kesi. Hati ya mashtaka na nakala ya hukumu ni karatasi zenye uzito mkubwa. Wengi wanaacha kwenda mahakamani wakidhani kesi ni ya serikali na dereva tu. Kesi ni yao, kweli, lakini hukumu yake mtaihitaji ninyi.

(b) Karatasi za gari

Pale pale barabarani, mwenye akili iliyotulia aandike namba ya gari. Kisha jina la dereva na la mwenye gari, na kampuni ya bima. Mkiwa na namba ya gari, bima inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kijana yeyote mwenye simu ya intaneti atawasaidia. Ombeni pia kopi ya leseni ya dereva na ya kadi ya gari kupitia polisi. Na gari likionekana halina bima, msikate tamaa. Dereva na mwenye gari wanaweza kudaiwa wenyewe mahakamani, na karatasi ni hizi hizi.

(c) Karatasi za hospitali

Risiti zote, za dawa, kipimo, kitanda na vyuma. Za nauli nazo, kama zipo. Fomu ya kuruhusiwa kutoka wodini na kadi za kliniki za kurudi. Picha za eksirei msiwaachie watoto kuchezea. Mgonjwa akishapona kiasi cha kupona, daktari aandike ripoti inayoeleza ulemavu uliobaki na asilimia yake. Bila ripoti hiyo kampuni inaona mtu aliyepona, hata kama hawezi tena kubeba tenga la nyanya.

(d) Karatasi za jina na za kipato

Kitambulisho cha NIDA, na namba ya akaunti yenye jina lile lile. Hapa ndipo wengi wanapokwama. NIDA inasema Mwanahamisi, PF3 inasema Mwanaamisi, hospitali wameandika Mama Zai. Tajeni jina la kitambulisho tangu dakika ya kwanza. Likikosewa, tafuteni kiapo cha kuthibitisha majina mapema.

Halafu kipato. Mwenye mshahara ana hati ya malipo. Siye wa sokoni tutaonyesha nini? Risiti za ushuru wa soko, daftari la mauzo, barua ya mtendaji wa mtaa, na, sikilizeni vizuri, daftari la kikundi hiki. Mama anayeweka hisa kila wiki na kurejesha mikopo ana ushahidi kuwa alikuwa akizalisha. Mwekeni mweka hazina wetu katika sala zenu. Maandishi yake ni mali.

(e) Ikiwa mtu amefariki

Tunasema kwa upole. Kabla ya mazishi ipatikane ripoti ya daktari ya uchunguzi wa mwili, pamoja na kibali cha mazishi. Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na familia ifuatilie cheti cha kifo RITA. Kisha ukoo ukae, uandike muhtasari wa kikao na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, ambaye mahakama itamteua. Kwa mirathi ya kimila au ya Kiislamu wengi wetu huanzia Mahakama ya Mwanzo, na karatasi ya uteuzi ni fomu namba 4. Bila msimamizi, kampuni haina wa kumlipa.

Ongezeni cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana hivyo ndivyo vinavyoonyesha nani alimtegemea marehemu. Na ieleweke kwamba msimamizi si mwenye mali. Anapokea kwa niaba ya warithi na atatoa hesabu mahakamani. Wajane, msiogope kupendekezwa, na msiogope kuuliza hesabu akiteuliwa mwingine.

Muda na mitego

Sheria ya Ukomo wa Madai inatoa miaka 3 kufungua mahakamani shauri la madhara kama haya. Kuzungumza na kampuni ya bima hakusimamishi saa. Unaweza kuambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka miaka ikaisha, kama ilivyotukuta. Mwenye gari anapaswa kuiarifu kampuni yake, lakini msimngoje yeye. Pelekeni barua yenu, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa.

Msikabidhi hati halisi bila orodha iliyosainiwa na mpokeaji. Msisaini karatasi ya "kumalizana", iwe ya dereva au ya kampuni, kabla mtu anayejua sheria hajaisoma, kwa sababu ukishasaini kuwa umeridhika ni vigumu kurudi. Na mjihadhari na vishoka wanaozunguka wodini wakiahidi kufuatilia ili wachukue nusu. Siku hizi iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na vipo vyama kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, vinavyowasaidia wasio na uwezo. Mkibishana na kampuni ya bima, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Bahasha ya mwaka 2022

Tumalizie kwa lililotupa moyo. Mwaka 2022 shemeji yetu, mume wa mwanachama, alikuwa abiria wa bodaboda iliyogongwa na lori. Alifariki siku ya pili. Safari hii, wakati wengine tunapika na wengine tunamshika mjane, tulimteua mwenzetu mmoja asiguse sufuria wala asipokee wageni. Kazi yake ilikuwa moja: bahasha ya kaki. Kila karatasi iliingia humo, na juu ya bahasha aliandika tarehe, karatasi gani, imetoka wapi, imekwenda kwa nani.

Wapo waliomsema, eti msiba haujapoa yeye anatafuta risiti. Alivumilia. Ukoo ulivutana, mwishowe mjane akapendekezwa na mahakama ikamteua kuwa msimamizi. Kampuni ilipouliza karatasi, jibu lilikuwa kwenye bahasha. Iliyokosekana ilikuwa hukumu ya kesi ya dereva tu, nayo tuliifuata miezi mingi, kwa zamu. Malipo yalitoka mwaka 2024. Kiasi si cha kutangaza hapa, wala fedha haimrudishi mtu. Lakini watoto wake wawili wako shuleni, na hakuuza kiwanja.

Pendekezo letu

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mkutano mkuu ukubali mambo matatu. Kwanza, pawepo mtunza bahasha, anayechaguliwa kama anavyochaguliwa katibu, ili ajali ikitokea asisubiri kuambiwa. Pili, fedha yoyote ya mfuko wa jamii inayotoka kwa matibabu ya ajali ilete risiti, si kwa kutoaminiana, bali kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe. Tatu, kila mwanachama alete kopi ya kitambulisho chake na jina la ndugu wa kuarifiwa, vikae kwenye sanduku letu la kufuli tatu.

Yule mwenzetu wa mwaka 2017 ameomba jambo moja, nasi tumekubali kulifikisha. Anataka yeye awe mtunza bahasha wa kwanza. Amesema mguu wake hauwezi kumfikisha mbali, lakini anajua kila ofisi ya mji huu na anajua watakachouliza.

Tunawaombea safari njema za kurudi majumbani. Vukeni mkitazama kulia na kushoto, na nyumbani, kabla ya kulala, itafuteni bahasha.