Homa Imekwisha, Pumzi Haijarudi

(Mhadhara uliotolewa mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri, umeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)



Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama kosa langu. Mwezi wa Julai 2021, wakati ule wimbi la Korona lilipokuwa kali hapa nchini, kaka yangu mkubwa aliugua. Alilazwa siku kumi na moja akiwa kwenye oksijeni. Akatoka, alhamdulillah, tukachinja mbuzi, tukasema yamekwisha. Ikafika Ramadhani ya 2022. Usiku wa kwanza wa tarawehe alisali rakaa nne, akajiegemeza ukutani. Usiku wa pili akasali kwenye kiti. Usiku wa tatu hakuja.

Mimi nikamfuata nyumbani kwa maneno. Nikamwambia, "Kaka, homa imekwisha zamani. Huo sasa ni uvivu." Akaniangalia tu, kisha akasema polepole, "Mdogo wangu, nikirukuu naona giza. Moyo wataka, kifua hakitaki."

Wallahi sikumwamini. Nilimwamini pale hospitali, miezi miwili baadaye. Muuguzi alimbana kidole kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni. Akiwa amekaa, kikaonyesha 96. Akaambiwa atembee ukumbini kwa dakika sita, mwendo wake wa kawaida. Aliporudi kilisoma 86, na midomo imebadilika rangi. Picha za kifua zikaonyesha makovu sehemu za chini za mapafu yote mawili. Mtu alikuwa mgonjwa kweli, na sisi wa nyumbani tulikuwa tukimpa jina la uvivu.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya mapafu. Kwa sababu nina hakika miongoni mwenu yuko mwenye baba, mama, shangazi au rafiki wa maskani ambaye tangu alipougua kifua hakurudi alivyokuwa, na watu wamemchoka.

Sasa, hebu tufahamu. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vidogo vya hewa, zaidi ya milioni 300. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba mno, hata unywele wako ni mnene kuliko huo mara nyingi. Lau ungevitandaza vyote chini, vingefunika takriban mita mraba 70, sawa na sakafu ya nyumba ya vyumba kadhaa. Hapo ndipo oksijeni inapovuka kutoka kwenye hewa kuingia kwenye damu.

Virusi vikishuka hadi huko chini, huziharibu seli za ukuta ule. Mwili nao hupigana, na vita vile huleta uvimbe na maji, vifuko vikajaa. Hiyo ndiyo nimonia. Kwa wengi, mwili husafisha uwanja na kujenga upya, wakapona kabisa. Lakini pale palipoungua sana, badala ya kurudisha ukuta mwembamba, mwili huweka kovu. Na kovu unalijua lilivyo: ni gumu, ni nene, halinyooki. Pafu lenye kovu halipanuki sawasawa, na oksijeni haivuki upesi. Mtu akikaa anaona yuko salama. Akipanda ngazi, akibeba mtungi wa maji, au akiinuka kutoka kwenye sijda, ndipo anapojua.

Wala jambo hili halikuanza na Korona. Mwaka 2003 kulikuwa na maradhi ya SARS, yanayotokana na kirusi cha ukoo huohuo. Waliugua zaidi ya watu 8,000 na wakafa 774. Madaktari wa Beijing waliwafuatilia baadhi ya walionusurika kwa miaka 15. Waliona kwamba sehemu kubwa ya kupona hutokea katika mwaka wa kwanza. Kovu lililobaki baada ya hapo, kwa wachache, lilibaki miaka yote. Influenza kali nayo huweza kufanya hivyo.

Na watoto je? Surua, na aina fulani ya virusi viitwavyo adeno, huweza kuziba kwa makovu vile vijia vyembamba vya hewa vya mtoto. Si jambo la kila siku, lakini likitokea huyo mtoto hukorota na kuhema kwa miaka. Kuna na kirusi kiitwacho RSV, ambacho hushika karibu kila mtoto kabla hajatimiza miaka miwili. Kwa wengi ni mafua tu. Kwa mtoto mchanga huweza kuwa hatari, na aliyelazwa kwa ajili yake mara nyingi huendelea kukorota kifua baadaye. Hapa kwetu Kilifi watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamekifuatilia kirusi hiki miaka mingi, majumbani kwa watu. Wakaona kwamba mara nyingi anayemletea mtoto mchanga maradhi haya ni ndugu yake anayesoma shule. Basi siku ya Idi, kijana mwenye mafua, tafadhali, mpe mtoto mkono wa mbali. Usimbusu.

Utaniuliza, nitajuaje kwamba hii si uchovu wa kawaida? Shirika la Afya Duniani linasema dalili za Korona zikiwa zingalipo miezi mitatu tangu mtu augue, na zimedumu miezi miwili au zaidi bila sababu nyingine, hiyo ni hali inayotambulika kitabibu. Si kujidekeza. Angalia haya: kuishiwa pumzi kwa kazi uliyokuwa ukiifanya bila kufikiri, kikohozi kikavu kisichokwisha, kifua kubana, au kusimama katikati ya sentensi ili uvute hewa.

Lakini nawaonya: msijitibu kwa kubahatisha. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinaweza kuwa kifua kikuu, na kipimo chake cha makohozi hakilipishwi katika vituo vya serikali. Yaweza kuwa pumu, yaweza kuwa moyo. Dawa zake ni tofauti. Wako waliompeleka kaka yangu kwa mganga wakisema ana jini la kifuani. Pesa zikaenda, kovu likabaki palepale. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Na mtu akihema hali amekaa, akikohoa damu, midomo ikiwa ya buluu, au kifaa kikisoma chini ya 90, huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Mjue pia kwamba kile kifaa kwa sisi wenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha namba nzuri kuliko hali yenyewe. Basi mwangalie mtu, usiangalie namba peke yake.

Je, kuna tiba? Kovu lililokwisha kukomaa halifutiki. Lakini mtu anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya nguvu zake. Kaka yangu alifundishwa kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza chai ya moto. Alifundishwa kutembea kila siku, kwa kipimo: leo hadi duka la kwanza, wiki ijayo hadi la pili. Misuli ikipata nguvu, hutumia oksijeni vizuri zaidi. Leo anapanda ghorofa mbili kwa kupumzika mara moja. Hajarudi alivyokuwa, lakini anakwenda sokoni mwenyewe.

Jambo jingine ni moshi. Hapa nitasema na nyinyi vijana waziwazi. Adhana ya Magharibi ikitoka, wengine tende mkono huu, sigara mkono huu. Umelihifadhi pafu kutwa nzima kisha unalifuturisha kwa moshi! Na shisha pia ni moshi, yale maji ya chini hayausafishi. Kina mama nao, jiko la mkaa likitolewa uani na dirisha likafunguliwa, mapafu ya nyumba nzima hupumua. Hata udi na ubani, tunavyovipenda, usivifukize chumbani alimolala mwenye kifua.

Sasa swaumu. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, zimempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Maradhi yanayotarajiwa kupona, mtu atalipa siku zake baadaye. Yasiyotarajiwa kupona, maulamaa wamesema atatoa fidya, alishe maskini kwa kila siku. Ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, maulamaa wamekhitalifiana kama inafunguza au haifunguzi. Muulize sheikh unayemwamini, na muulize daktari, kabla mwezi haujaandama. Lakini usiiache dawa kimyakimya ukajiangamiza, ukadhani hiyo ndiyo taqwa.

Na kinga? Mtoto apewe chanjo ya surua, ya miezi 9 na ya miezi 18, pamoja na ile ya nimonia iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011. Ukiwa na mafua, vaa barakoa ukimtembelea mzee. Safu ya tarawehe haiharibiki dirisha la msikiti likiwa wazi.

Namalizia nilipoanzia. Usiku ule nilikuwa na haki ya kumuuliza kaka yangu hali yake, nami nikachagua kumhukumu. Nilimwomba radhi, akacheka, kicheko kikamletea kikohozi. Basi leo usiku ukimwona mtu anasali kwenye kiti, au jirani yako hakuonekana msikitini siku tatu, usiulize kwa nini ni mvivu. Mbebee maji, mpeleke kupimwa, umfuturishe.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atutakabalie swaumu zetu. Amin.